Hapa Hakuna Jua la Uvira

Wewe uliyepita Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, jioni ile ukatazama pembeni, ulimwona. Wilondja alikuwa amepiga magoti mbele ya kizimba cha vifaranga, baridi ya Juni ikimtafuna mgongo.

Kwao Uvira, Kongo, jua ndilo linalolea vifaranga. Ndiyo maana alivinunua hivi, akavitumainia kwa soko la Lilongwe, bila kufikiria makaa. Sasa vilikuwa vimelaliana kwenye kona vikitafuta joto, na vya chini vimekwisha kufa kwa kukosa hewa. Akatoa kimoja kilicho hai. Kikamkamata kidole kwa kucha nyembamba kama uzi, kisimwachie.

“Baba, biache tu bife,” mke wake alisema kwa uchovu, akimwonyesha gunia tupu la makaa. “Makala imeisha.”

“Vita ilikula ngombe yetu yote. Na baridi nayo ikule hii?”

Akakirudisha kizimbani, akainuka, akashika mlango wa nyumba yao, akaung’oa.

“We! Tutalala wazi sawa mbuzi?”

Akaupasua kwa shoka, akawasha jiko la bati, akalisogeza chini ya kizimba. Vifaranga vikaanza kuachana, kimoja kimoja.

Moto wa mlango mmoja hauvuki usiku wa Dzaleka. Wewe unayesoma, acha kusikitika. Inuka, leta makaa sasa hivi.