Wimbo Uliosafishwa

Sheria ilikataza mtoto kuimbiwa kwa sauti isiyosafishwa, kwa hiyo Namsifu alikwenda studio kurekodi wimbo wa kumlaza bintiye, Nakunda. Fundi alimwonyesha mashine zake: hii ya kuondoa pumzi, ile ya mate, na nyingine ya kufuta uchovu.

"Sikiliza nilichotoa, mama," alisema, akabonyeza kitufe.

Chumba kikajaa milio ya ulimi, makohozi na kumeza. Namsifu akarudi nyuma hatua moja.

"Huyo ni mimi?"

"Ni uchafu wako tu."

"Mama yangu alinilea kwa huo uchafu!"

Miezi sita baadaye, mchana mmoja, umeme ulikatika, spika ikazimika wimbo ukiwa katikati. Namsifu akaumalizia mwenyewe, taratibu.

Nakunda alimtazama mdomoni, akaziba masikio, kisha akaigeukia spika.

"Nyamaza! Unatia kinyaa. Namtaka mama."