Beseni la Magesa

Mume wangu, Magesa, alifuga wadudu wanaokula magugu maji kwenye beseni uani. "Gugu lilitoka Brazili likamwacha adui yake huko," alizoea kusema, "sasa kafuata." Sumu aliikataa, maana maji ya ziwa ndiyo tunayokunywa.

Mwezi wa pili huu magugu yamefunika pale mtumbwi wake ulipozama, hapa Nkome. Hatuna mwili wa kuzika.

Asubuhi mdogo wake alikuja na bomba la sumu mgongoni. "Shemeji, wadudu wenu wanatafuna kama vibogoyo. Nipulize, tumtafute kaka?"

Mdudu mmoja alikuwa ameng'ang'ania kidole changu kwa vijiguu vyake. Nilimbandua taratibu, nikamrudisha kwenye jani, nikafunika beseni.

"Puliza," nikasema.