Matundu Matano

Afande Lugembe, mkufunzi wa uwanja wa shabaha, alilaza bastola mbili mezani mbele ya Bi Tausi.

"Hii kubwa ni nzito, lakini inatulia mkononi," alisema. "Ndogo inaingia kwenye pochi, ila inaruka. Jaribu zote, mama."

Ile ndogo ilimruka kweli, risasi zikaipita pembeni karatasi iliyochorwa mtu. Akaishika kubwa kwa mikono miwili, akapiga tano. Zote zikatua kifuani.

"Basi chukua hiyo! Ndogo ni ya njiani, ya nyumbani ni kubwa. Na ubadilishe kitasa, mwizi asiingie kirahisi."

"Ana ufunguo wake, afande."

"Nani?"

"Mwanangu." Akainua mkono wa kushoto, uliounga vibaya baada ya kuvunjwa. "Juzi kasema safari hii ataniua."

Afande aliipokea bastola, akairudisha mezani. Akampa gundi na vipande vya karatasi, maana desturi ya pale aliyepiga ndiye huziba matundu, ili shabaha itumike tena.

Bi Tausi alibandika kipande cha kwanza, akakikandamiza kwa kidole gumba, kisha akakipuliza taratibu, kama apulizavyo mtu kidonda cha mtoto. Akafanya hivyo hadi cha nne. Vipande vikaisha. Tundu la tano akalifunika kwa kiganja.

"Mama," afande aliita kutoka mezani, "unachukua ipi?"

Hakugeuka, wala hakuutoa mkono.