Upande Mmoja Hautoshi

Katika mji ule, kila mtu alisomeka sifuri katika rejista, hata kama jina lake limo, mpaka yeye na shahidi wake watajane. Rejista hiyo aliiandika Mwatime, tena kwa majivuno.

Leo mlango wa nyumba yake, uliomfungulia tu yule ambaye rejista ilimhesabu, ulimgomea. Ndani, mwanawe alikuwa akilia kwa njaa.

"Mama, nitaje basi! Mtoto anataka kunyonya."

"Nikutaje miye?" akacheka mama mkwe kutoka ndani, shahidi wake pekee. "Si jana uliniita mzigo? Mlango, huyo aliyeko nje ni nani?"

"Sifuri," mlango ukajibu.

"Lakini mimi bado nakutaja!"

"Upande mmoja hautoshi, msomi wee. Si ndivyo ulivyoandika?"

 Alipokuwa akiiandika rejista ile, Mwatime aliijaribu mara elfu, na kila ilipotoa jibu hilo la "sifuri" alipiga makofi.