Tumbo la Sajini Tuttle

Tonge la theluji lilimpata kanali wa Vermont katikati ya pua. Kofia ikaruka, na kikosi kizima cha New Jersey kikapiga kelele kama watoto waliofunga shule.

"Mbele! Msiwape nafasi ya kufinyanga!" alinguruma Sajini Lemuel Tuttle, mnene, uso mwekundu kama nyanya, akipunga kijiti kama upanga.

Vita vya Wamarekani wao kwa wao vilikuwa vimekwama kwa baridi kando ya mto Rappahannock. Bunduki zimenyamaza, na askari wamechoka kusaka chawa. Basi ilipoanguka theluji nzito, majeshi ya Kaskazini yaliamua kupigana yenyewe kwa yenyewe, bendera, tarumbeta na kila kitu. Ng'ambo ya mto, maadui wa Kusini walitoka mahandakini kutazama.

"Ongezeni!" waliita. "Mtakaobaki tutawamaliza sisi!"

Hosea Birdsall alikimbia ubavuni mwa sajini wake, kofia imejaa matonge, mbavu zinauma kwa kucheka. Wawili hao walilala kibanda kimoja, wakala sufuria moja, wakapendana kama ndugu.

Waliiteka bendera ya Vermont. Papo hapo sajini akaketi kwenye theluji, akashika tumbo.

"Hosea, nimekwisha."

"Ni yale maharage, Sajini."

"Si maharage!"

Wakambeba kwa machela hadi hema la daktari. Hosea akabaki nje, kicheko kimemkauka mdomoni. Katika vita hivyo maradhi yalikuwa yamezika askari wengi kuliko mizinga, na tumbo ndilo lililoongoza.

"Akifa, buti zake zangu," alisema mmoja.

"Nyamaza, mwanahizaya!" Hosea alimfokea, machozi yanamlengalenga.

Ndani ya hema pakasikika kilio. Hakikuwa cha sajini.

Daktari akatoka, mikono ya shati imekunjwa, ametoa macho kama aliyeona jogoo akitaga.

"Ni mvulana," akasema.

"Nani mvulana?" aliuliza Kapteni Voorhees.

"Aliyezaliwa. Sajini ndiye si mvulana."

Kambi nzima ikaangua kicheko, watu wakagaagaa kwenye theluji. Habari ikapigiwa kelele ng'ambo ya mto, na Kusini nao wakacheka, wakauliza mtoto anaitwa nani.

Kapteni peke yake hakucheka. "Huyu alipimwa na nani?"

"Alipimwa kama wote, afande," daktari akajibu. "Meno ya mbele ya kung'atia karatasi ya baruti wakati wa kujaza bunduki, na kidole cha kufyatulia. Hatupimi zaidi."

"Birdsall! Njoo hapa. Umelala naye kibanda kimoja, na hukujua?"

"Sikujua, afande. Tulikuwa watu wa haya. Kila mtu alivua nguo gizani."

"Baba! Baba!" askari wakaimba.

"Sikiliza," kapteni alisema. "Kama hana mume, namfukuza kambini leo hii na theluji hii. Kama anaye, nampa gari la farasi, mablanketi na msindikizaji mpaka kwao. Mtoto ni wako, si wako?"

Hosea akaomba kwanza amwone mgonjwa.

Sajini alikuwa amelala na kifurushi kifuani, kofia ya jeshi bado kichwani.

"Niite Lavinia," alisema kwa sauti ndogo. "Baba yake ni mume wangu wa ndoa, wa kikosi cha mizinga. Tulijiandikisha pamoja. Aliuawa kabla ya Krismasi." Akafuta macho. "Nimemsikia kapteni huko nje. Usijitwike mzigo wangu, Hosea. Ukinioa leo, utakuja kumwambia nini mchumba wako?"

Hosea akainama, akamnong'oneza sikioni.

Lavinia akamkodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka mtoto akaamka, na daktari akaja mbio akidhani amepata wazimu.

"Wangu, afande!" Hosea alitangaza nje, kifua mbele.

Kasisi wa jeshi akawafungisha ndoa pale pale, bibi harusi kaketi juu ya kasha la biskuti, kanali wa Vermont akiwa shahidi na pua yake iliyovimba. Kofia zikarushwa juu pande zote mbili za mto.

Kapteni Voorhees alimpiga Hosea kofi la mgongoni. "Nami nilikuwa nikikudharau, Birdsall, na hicho kidevu chako kitupu! Kumbe wewe ndiye dume kuliko wote kikosini."

"Asante, afande," alijibu Hannah Birdsall, binti wa mchungaji wa kanisa kule Newark, aliyejiandikisha jeshini kwa jina la Hosea, akapiga saluti, akaenda kushika zamu.