Hewa ya Mpangaji

Siku hizi sheria inataka hewa ya nyumba ya kupanga iletwe kwa bomba mpaka nyumbani kwa mwenye nyumba, naye aivute. Bi Shekilindi alikuwa amechoka kunusa ukungu. Kila masika aliupaka rangi ukuta wenye unyevu wa nyumba aliyoipangisha, na kila masika ukungu ulirudi!

Akampigia simu mpangaji wake, akafoka.

"Mama Chiku, fungueni madirisha! Na mtoto wenu mpeni dawa, kikohozi chake kinanifikia mpaka huku sebuleni!"

"Bibi, sisi tumeshahama. Nyumba ni tupu."

Kikohozi kikasikika tena. Bi Shekilindi akasogeza sikio kwenye bomba. Kimya. Kilikuwa kinatoka chumbani, kwa mjukuu wake.