Kigae cha Dakta Sikudhani

Kila nyumba mjini ilipaswa kuwa na kigae ukutani, na ndani yake atomi zilizopozwa mno, zimenaswa juu ya bamba la dhahabu bila kuligusa. Atomi hizo zilihisi mvuto wa kila mwili uliokuwa karibu, na kila jioni kigae kilipeleka hesabu ya watu serikalini. Asiye na kibali cha kuishi mjini hakufichika.

Dakta Sikudhani Mgonja ndiye aliyegundua namna ya kulisafisha bamba hilo hadi atomi zitulie. Nia yake ilikuwa kutafuta maji ardhini. Lakini nia hiyo haikumfaa kitu asubuhi ile mdogo wake, Chausiku, alipoingia jikoni na mtoto mgongoni, amenyang'anywa kibali.

“Kizime,” Chausiku alisema, hata salamu hakutoa.

“Hakizimiki, mdogo wangu.”

“Usiniite mdogo wako! Wanatufukuza kwa kazi ya mikono yako.”

Sikudhani aliinuka. Alichomeka pasi, akangoja ipate moto, kisha akaikandamiza juu ya kigae. Alijua bamba likipata joto atomi zitatawanyika. Taa ya kijani ya kigae ikafifia, ikazimika.

Chausiku akaketi sakafuni, akamfungua mtoto amnyonyeshe. Ndipo alipomtazama dada yake usoni kwa mara ya kwanza.

Ukuta ukagongwa kutoka upande wa jirani.

“Dakta,” Mzee Kirumbi aliita kwa upole, “kigae changu kinasema humo mko watatu. Nimeshawaita askari.”